Mwongozo kamili: Sanduku la kiota la kasuku kwenye miombo ya Tabora na Kigoma, bila kuligeuza mzinga wa nyuki

Masanduku ya viota yanayotundikwa kwa ajili ya kasuku huku kwetu, iwe Sikonge, Urambo, Uvinza au Kibondo, hushindwa kwa namna ileile. Mwenye sanduku anasubiri msimu mzima, kisha asubuhi moja anasikia mvumo. Nyuki wameingia. Anawafukuza, wanarudi. Mwaka wa pili analiacha lioze mtini, na kasuku hawajawahi hata kuchungulia.

Kosa liko kwenye ujenzi na mahali pa kutundika. Fundi wa eneo la asali, akiambiwa atengeneze sanduku la mbao lenye tundu, mikono yake inatengeneza mzinga. Kasuku anahitaji kitu kingine kabisa: shimo refu, lenye giza chini, lenye kuta za kupandia na vumbi la kulalia mayai. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiruka ya tano au ya nane, kazi yote ya fundi inaishia kwa nyuki.

## Vifaa na zana

Vipimo hivi ni vya sanduku moja la kasuku wa Meyer, yule mdogo wa kahawia mwenye tumbo la samawati-kijani na njano kwenye bega la bawa. Ndiye anayefaa kuanza naye, kwa sababu yupo maeneo mengi ya miombo na hukubali matundu ya ukubwa wa kawaida.

- Mbao ya inchi 1 kwa 10, urefu wa mita 1.7 (mbele na mgongo).
- Mbao ya inchi 1 kwa 8, urefu wa mita 1.7 (pande mbili na sakafu).
- Mbao ya paa, sentimita 33 kwa 35. Vipande viwili vilivyounganishwa vinafaa.
- Kipande cha bati cha kufunika paa, na kingine cha upana wa sentimita 60 hadi 90 cha kuzungushia shina la mti.
- Skrubu za inchi 2, kama 30. Misumari inashika, lakini paa lazima liweze kufunguliwa.
- Vipande vya fito au ubao mwembamba vya kutengenezea ngazi ya ndani.
- Maranda ya mbao, ndoo ndogo moja, na vipande vichache vya mti uliooza vyenye ukubwa wa kidole gumba.
- Sabuni ya mche, kipande kimoja.
- Waya mnene wa kufungia na mpira wa ndani wa tairi la baiskeli au pikipiki.
- Mzinga mmoja mtupu wa nyuki na nta kidogo. Kazi yake imeelezwa hatua ya nane.
- Msumeno, keekee au drili, patasi, tupa, futi, kamba imara na ngazi.

Mbao zipi? Zilizokauka, ambazo hazijawekwa dawa. Kasuku hutafuna kuta za kiota chake kila siku, kwa hiyo dawa iliyo kwenye mbao inaingia tumboni mwake. Mkaratusi na mtiki vinafaa. Paina inafaa pia, ila hutafunwa haraka na itahitaji kubadilishwa mapema. Mabanzi kutoka kiwanda cha mbao, yakiwa bado na magome upande wa nje, ni mazuri kuliko mbao zilizopigwa randa: ni ya bei nafuu na sanduku linafanana na mti.

Usitumie kabisa mzinga wa zamani. Hata ukiukwangua vipi, harufu ya nta na gundi ya nyuki imeshaingia kwenye mbao. Nyuki wapelelezi wataitambua kabla kasuku hajafika. Hili ndilo kosa la kwanza kwa wingi katika mkoa wenye mizinga mingi kama Tabora.

## Vipimo kwa kasuku wengine

Kaskazini mwa Tabora, upande wa Nzega, kuna kasuku wadogo wa Fischer, wa kijani wenye kichwa na shingo ya machungwa na mdomo mwekundu. Hao wanataka sanduku la sentimita 15 kwa 15 ndani, kina cha 30, tundu la sentimita 5. Hutaga kwa vikundi, kwa hiyo tundika matatu au manne karibukaribu. Maranda yawe ya sentimita 2 tu, maana jike hubeba mwenyewe vipande vya magome na majani na kujenga ndani.

Yule kasuku mkubwa wa miombo, mwenye kichwa cha kijivu, mdomo mzito na wekundu begani, anahitaji sentimita 30 kwa 30, kina cha 90 na tundu la 11. Sanduku lake ni zito mno kwa mtu anayejifunza. Anza na la Meyer.

## Mbinu hizi zimetoka wapi

Mengi yaliyomo humu yalijulikana kwa uchungu kwenye kisiwa cha Puerto Rico, bahari ya Karibi. Huko yupo kasuku wa msituni asiyepatikana kwingine popote duniani: mwili wa kijani, wekundu juu ya mdomo, duara jeupe kuzunguka jicho, na manyoya ya buluu yanayojitokeza anapokunjua bawa. Mwaka 1975 walikuwa wamebaki 13 tu porini. Kwa idadi hiyo kila yai lilikuwa na maana, na wahifadhi katika msitu wa El Yunque walilazimika kujua kila sababu inayoharibu kiota: maji, ndege wezi, na nyuki.

Chukua mbinu zao, usichukue vipimo vyao. Kasuku wa Puerto Rico ana urefu wa karibu sentimita 30 na ni mzito zaidi ya Meyer, ambaye ana sentimita 21 hadi 25. Sanduku la yule, kwa Meyer, ni nyumba ya kuwakaribisha wengine.

## Hatua ya 1: Hakikisha kasuku wapo na wana shida ya matundu

Kabla ya kununua hata skrubu moja, zunguka eneo lako alfajiri na tena saa moja kabla ya jua kuzama. Kasuku wa Meyer hupita wawili wawili au kikundi kidogo, wakiruka kwa kasi na kupiga kelele kali za kukatika. Ukiwasikia mara kwa mara kwenye mstari uleule, una eneo.

Kisha tazama miti. Kama kuna miti mingi mikubwa yenye matundu ya vigong'ota na matawi yaliyooza, sanduku lako halitapata mpangaji. Kasuku atachagua mti. Kama mininga na mikora mikubwa imekwisha kukatwa, au miti yenye mashimo imepasuliwa na warina asali kwa shoka, hapo sanduku lina kazi.

Umefanikiwa ikiwa: umewaona kasuku wakitua kwenye mti mmoja au miwili zaidi ya mingine, na unaweza kuitaja miti hiyo.

## Hatua ya 2: Ruhusa

Shamba lako mwenyewe ni rahisi. Msitu wa kijiji unahitaji serikali ya kijiji na kamati ya maliasili. Hifadhi ya msitu inahitaji ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mpe taarifa pia ofisa wanyamapori wa wilaya. Kasuku analindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na mtu anayeonekana juu ya ngazi kwenye kiota cha kasuku bila mtu yeyote kujua kazi yake atadhaniwa anaiba makinda. Ni haki kabisa adhaniwe hivyo.

## Hatua ya 3: Kata na unganisha

Kata vipande hivi:

1. Mgongo: upana 25, urefu 95.
2. Mbele: upana 25, urefu 65.
3. Pande mbili: upana 20, nyuma urefu 70, mbele 65, ili paa litelemke.
4. Sakafu: 20 kwa 20.
5. Paa: 33 kwa 35.

Vyote ni sentimita. Mbao zilizopigwa randa huwa pungufu kidogo, kwa hiyo pima pande kwanza, kisha ukate sakafu kwa kufuata uwazi uliobaki.

Mgongo unazidi kwa sentimita 12 hivi juu na chini. Sehemu hizo ndizo za kufungia mtini. Sakafu inaingia katikati ya kuta, haikai chini yake. Ikikaa chini, maji yanayoshuka ukutani yanaingia kwenye ungio na kulowesha mayai. Itoboe matundu matano ya milimita 6 hadi 8: pembe nne na katikati.

Tundu la kuingilia liwe la duara la sentimita 7, kitovu chake kikiwa sentimita 10 kutoka juu ya ubao wa mbele. Kama huna msumeno wa duara, chora duara, toboa vitundu vingi kwa keekee kwenye mstari, gonga katikati, kisha sawazisha kwa tupa. Ukilikosea kidogo kwa udogo, sawa, kasuku atalitafuna mwenyewe mpaka litoshe. Ukilizidisha hakuna wa kulirekebisha. Wala usilibane ukidhani nyuki watashindwa, kwa sababu nyuki anapita popote kidole kinapopita.

Sasa kina. Kutoka ukingo wa chini wa tundu mpaka juu ya maranda unapata takriban sentimita 40. Wengi wakiona urefu huo wanapunguza ili kuokoa mbao, na hapo ndipo sanduku linapokufa. Huko Puerto Rico palikuwa na ndege mmoja mkali, mla mayai na makinda, aliyekuwa akivamia viota vya kasuku moja baada ya kingine. Watafiti waligundua kwamba ndege huyo hapendi shimo ambalo haoni chini yake akiwa mlangoni. Kasuku yeye hajali. Anashuka gizani bila wasiwasi. Viota vikafanywa virefu na vyeusi chini, na uvamizi ukapungua.

Huku kwetu mwizi ni mwingine. Yupo kipanga mkubwa wa kijivu mwenye uso mtupu wa njano, ambaye kiungo cha mguu wake hupinda mbele na nyuma. Huning'inia kwenye shina, huingiza mguu ndani ya tundu na kupapasa. Kina cha sentimita 40 kinamwacha apapase ukuta mtupu. Sanduku fupi linampa kinda mkononi.

Acha mlango wa ukaguzi upande mmoja, sentimita 12 kwa 12, ukianzia sentimita 15 juu ya sakafu. Ufunge kwa skrubu mbili, si kwa kitasa. Kitasa kinafunguliwa na watoto, na komba naye si mjinga.

Umefanikiwa ikiwa: ukiweka jicho kwenye tundu mchana, huoni sakafu, na ukimwaga kikombe cha maji ndani, yanatoka yote kwa chini.

## Hatua ya 4: Ngazi na malalo

Ukuta laini ni mtego. Mzazi anaweza kuruka, lakini makinda yakifikia kutoka hayana njia ya kupanda. Kwa patasi, chonga mifuo ya mlalo kwenye ubao wa mbele upande wa ndani, kila baada ya sentimita 3, kuanzia sakafuni hadi tundu. Au piga vipande vya fito. Usitumie wavu wa waya uliopakwa zinki: kasuku huutafuna, na zinki ni sumu kwake. Pia kucha hukwama kwenye matundu ya wavu huo.

Weka maranda kina cha sentimita 8, uchanganye na vile vipande vya mti uliooza. Kasuku wa Meyer haleti majani wala nyasi kama shomoro. Anataga juu ya anachokikuta, baada ya kukitafuna kiwe laini. Sakafu tupu maana yake mayai yanabiringika na kupoa. Unga wa msumeno nao haufai: unashika unyevu, unaganda, na unaingia puani mwa makinda.

## Hatua ya 5: Dari

Hapa ndipo vita na nyuki huanzia, na ndipo karibu kila mtu anaporuka.

Kundi la nyuki likiingia kwenye uwazi, kitu cha kwanza ni kushika dari. Nyuki hujining'iniza, kisha masega huanza juu kushuka chini. Dari isiyoshikika inawasumbua tangu siku ya kwanza. Chukua sabuni ya mche ikiwa kavu, sugua upande wa chini wa paa mpaka utando mzito mweupe uonekane, kisha sugua tena kwa kukatiza mistari ya kwanza. Endelea sentimita 5 kushuka kwenye kuta. Safu nyembamba inakauka na kupukutika baada ya wiki chache, kwa hiyo usiwe mchoyo.

Sabuni si kinga kamili. Inawafanya wapelelezi wapende zaidi mahali pengine, na ndiyo maana hatua ya nane ipo.

Yafuatayo yanatumiwa sana na yote ni mabaya: dizeli, oili chafu, mafuta ya taa, dawa ya kuulia wadudu ya shambani. Yanawafukuza nyuki kweli, kwa siku chache. Kasuku aliye ndani kwa miezi mitatu anavuta mvuke wake na kutafuna mbao zilizonyweshwa. Jike analala juu ya mayai usiku na mchana kwenye shimo lenye hewa kidogo. Hakuna dozi salama.

Juu ya paa la mbao pigilia vipande viwili vya fito, kisha bati juu yake, ili pabaki upenyo wa sentimita 1 au 2 wa hewa. Bati likilala moja kwa moja kwenye mbao, joto la mwezi wa tisa na wa kumi litawapika makinda. Paa lifungwe kwa skrubu ili lije kubadilishwa.

Nje usipake rangi.

## Hatua ya 6: Chagua mti

- Mti ulio hai, shina nene kuliko mapaja mawili ya mtu mzima, umbali wa kufika tundu ukiwa mita 5 hadi 8 kutoka ardhini.
- Tawi kavu lililo wazi karibu na tundu. Kasuku hatui mlangoni moja kwa moja. Anatua pembeni, anachungulia dakika kadhaa, ndipo anaingia.
- Taji lisiguse miti ya jirani. Acha pengo la angalau mita 2, vinginevyo nyoka wa mitini na kanu watapitia matawini na bati la shina litakuwa pambo tu.
- Tundu lisitazame jua la alasiri wala upande ambako mvua ya eneo lako hupiga. Tazama ukoga na alama za maji kwenye shina, zitakuonyesha.
- Mbali na mizinga yenye nyuki. Mita 200 ni kiasi cha chini ninachokubali, na zaidi ni bora.

Na usitundike kwenye mti ambao wafugaji wameutumia kwa mizinga miaka ya nyuma. Waulize wazee wa asali. Wanaijua miti inayopendwa na nyuki mmoja mmoja, na wapo wanaoweza kukuambia kundi linapitia bonde gani. Maarifa hayo hayapatikani kwenye mwongozo wowote.

## Hatua ya 7: Tundika

Sanduku likikamilika lina uzito wa kilo 12 hivi. Watu watatu: mmoja juu, mmoja anashika ngazi, mmoja anavuta kamba iliyopitishwa juu ya tawi. Usibebe sanduku begani ukipanda.

Funga mgongo wa sanduku kwa waya juu na chini, waya ukiwa umevishwa mpira wa tairi kila unapogusa gome. Waya mtupu unaukata mti unaponenepa, na mti ukifa juu ya waya sanduku linaanguka nao. Legeza kila mwaka. Liinamishe sanduku mbele kidogo sana, kiasi cha kidole nyuma ya sehemu ya juu, ili mvua idondoke mbele ya tundu. Likilala kinyumenyume litakusanya maji kama mtungi.

Zungushia shina bati kuanzia mita 1.5 kutoka ardhini. Lifunge kwa waya, likipishana kingo zake ili liweze kulegezwa. Kenge na kanu wanateleza hapo. Siafu hawatelezi, kwao angalia tu njia zao na usiweke sanduku juu ya msafara wao.

Wakati mzuri ni mvua zinapokaribia kwisha, ili sanduku likutwe limekauka na kuzoeleka kiangazi kinapoingia na kasuku wanatafuta pa kutaga.

## Hatua ya 8: Wape nyuki nyumba nzuri kuliko ya kasuku

Yule ndege mvamizi wa Puerto Rico hakushindwa kwa kina peke yake. Wahifadhi walimtengenezea sanduku lake, fupi na lenye mwanga kama apendavyo, karibu na kiota cha kasuku. Jozi moja ya ndege hao ilikaa hapo na kuwafukuza wengine wa aina yake. Kasuku akapata mlinzi.

Kwa nyuki wazo ni hilohilo, ila lina tofauti moja ambayo usipoielewa utafeli. Nyuki hawalindi eneo dhidi ya makundi mengine. Mzinga wenye nyuki hauzuii kundi la pili kuingia kwenye sanduku lako. Unachohitaji ni mzinga *mtupu* unaovutia, muda wote makundi yanapotembea.

Tundika mzinga wa chambo mita 50 hivi kutoka kwenye sanduku, kivulini, urefu wa mita 2 hadi 3. Upake nta iliyoyeyushwa ndani, hasa kwenye viunzi au dari yake. Ukipata kundi, mfugaji anauhamisha jioni kwenda kwenye manzuki yake, mahali anapoweka mizinga, na kuacha mwingine mtupu palepale. Ukishajaa na kuachwa hapo, haukutegei tena chochote, na sasa una nyuki wakali karibu na njia yako.

Makubaliano na mfugaji nyuki yanalipa kuliko kifaa chochote kwenye orodha ya juu. Yeye anapata makundi bure, wewe unapata jicho la mtu anayepita msituni kila wiki. Makundi hutembea zaidi miti inapoanza kuchanua. Miezi inatofautiana kati ya Kibondo na Sikonge, hivyo fuata kalenda yake.

Umefanikiwa ikiwa: unaona nyuki wachache wakizunguka mlango wa mzinga wa chambo, na hakuna anayezunguka tundu la sanduku zaidi ya kupita.

## Hatua ya 9: Fuatilia bila kusumbua

Kaa mita 30 au zaidi, na darubini kama unayo, asubuhi mapema. Hizi ndizo dalili, kwa mpangilio zinavyokuja:

Kwanza, kingo za tundu zinaanza kuwa na rangi mpya ya mbao. Zimetafunwa. Chini ya mti utaona vipande vidogo vyeupe vya mbao, vikavu na vyenye kona kali, si unga. Unga ni wa wadudu.

Kisha jozi inakuja kila siku, mmoja anaingia, mwingine anabaki kwenye tawi kavu. Baada ya muda unamwona mmoja tu akija na kuondoka. Usidhani mwenzake amekufa. Jike yuko ndani juu ya mayai, kwa kawaida mawili hadi manne, na dume anamletea chakula. Mayai huchukua karibu mwezi mmoja kuanguliwa, na makinda hukaa ndani wiki nane hadi tisa zaidi.

Kuanzia jike anapozama ndani, mlango wa ukaguzi haufunguliwi kwa sababu yoyote ile. Jike aliyeshtuliwa siku za mwanzo anaweza kuyaacha mayai moja kwa moja. Usitangaze mahali ulipo mti huo wala kuweka picha yake mtandaoni ikiwa na alama za kuutambua. Wauza makinda husoma pia.

## Likishindwa

Nyuki wameingia. Usipige jiwe, usichome moto, usipande. Mwite mfugaji mwenye mavazi na bomba la moshi, jioni. Kundi likihamishwa, teremsha sanduku zima, kwangua nta na gundi yote, *badilisha ubao wa paa* badala ya kuusafisha, anika juani wiki mbili, paka sabuni upya na utundike mti mwingine. Kurudisha palepale ni kuwaita tena.

Kuzi au hondohondo wameingia. Waache wamalize. Hondohondo huziba tundu kwa udongo, na ndani kuna jike asiyeweza kuruka. Tundika sanduku la pili kwa ajili ya kasuku, umbali wa kutosha.

Maranda yamelowa. Paa linavuja kwenye ungio la mgongo, au sanduku limeinama kinyume. Mara chache sana ni matundu ya sakafu yaliyoziba.

Kasuku wanatua, wanachungulia, hawaingii. Tazama tundu: je, kuna mwanga ndani? Ufa mmoja kwenye ungio unatosha kuwakataza. Ziba kwa udongo wa kichuguu uliokandwa, upande wa nje. Ikiwa ndani ni giza totoro, subira. Sanduku jipya linaweza kupuuzwa msimu wa kwanza na kuchukuliwa wa pili.

Mayai yametoweka, hakuna damu wala manyoya. Nyoka. Kagua pengo la taji, kisha bati.

Manyoya chini ya mti na tundu limekwaruzwa. Kipanga au kanu. Pima kina upya: maranda yakiongezwa mno yanainua kiota karibu na mlango.

Makinda yakishatoka, subiri wiki mbili uhakikishe hakuna anayerudi kulala, ndipo ufungue. Toa maranda yote na uyachome mbali, maana yamejaa viroboto na kinyesi. Weka mapya ya sentimita 8, kaza ngazi zilizolegea, legeza waya wa mtini, na usugue dari sabuni upya kabla miti haijaanza kuchanua.